Tulivuka kwa Sukari, Hatukuvuka kwa Maji

Sisi tuliozaliwa Rombo kabla ya Uhuru tulikua tukijua kuwa mpaka wa Kenya upo, ila haukutuzuia kitu. Shangazi ameolewa Taveta, soko liko Loitokitok, na mzee akienda huko asubuhi hakuaga kama mtu anayekwenda ughaibuni. Mstari wenyewe walikubaliana Waingereza na Wajerumani mwaka 1886. Katika karatasi yao waliutaja hata Mto Lumi, lakini kama alama tu ya mahali mstari unapokatiza. Wao walikuwa wanagawana ardhi; maji yanaelekea wapi, halikuwa swali lao.

Na maji ya kwetu yana safari ndefu. Lumi unashuka miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro, unaingia Kenya, unapita Taveta na kumwaga katika Ziwa Jipe, ambalo nchi zote mbili zinalichangia. Hapo maji yanatoka kwa jina la Ruvu, yanarudi Tanzania, yanakutana na Kikuletwa katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha yanakuwa Pangani hadi baharini, yakizungusha mitambo ya umeme njiani. Ziwa Chala nalo, mpaka umelipasua katikati. Huoni mto wa maana ukiingia humo. Mvua ya msituni huko juu ndiyo inayolilisha, chini kwa chini. Kwa hiyo mti ukianguka Rombo, anayeumia anaweza kuwa mkulima wa Taveta, au hata Mtanzania mwenzetu wa Mwanga anayetega nyavu Jipe.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, mpaka ukafungwa, nao haukufunguliwa hadi mwishoni mwa 1983. Wajukuu wakisikia hivyo wanadhani tulikaa nyumbani tukingoja. Nani akae? Kahawa ilishuka usiku; sukari, sabuni na kanga zikapanda. Ulipofika msako wa wahujumu uchumi mwaka 1983, sabuni zilifukiwa migombani. Kizazi changu kilizijua njia za panya zote, na bei za Taveta tulizipata kabla ya taarifa ya habari. Simsifii mlanguzi, maana wapo waliotajirika kwa shida za majirani zao. Lakini biashara ile ilihitaji uaminifu mkubwa: mtu wa upande wa pili alikukopesha mzigo gizani, bila karatasi wala shahidi, na deni likalipwa. Uaminifu ule ungetosha kulinda mto. Hatukuwahi kuupeleka mtoni.

Si kwamba hatukujua kugawana maji. Mifongo yetu, yaani mifereji ya kumwagilia mashamba, ilikuwa na wazee wake na zamu zake; aliyefungua maji nje ya zamu alitozwa mbuzi au mbege, pombe yetu ya ndizi, na asiyekuja kuzibua matope alikauka pamoja na mgomba wake. Sheria kali kweli. Ila iliishia pale mfongo ulipoishia. Yanayotiririka baada ya hapo tuliyaita ya watu wa porini, wale wa tambarare kule chini, basi, hata hao watu wa porini walipokuwa wakwe zetu.

Leo wageni wanapanda mlima wakililia barafu, na wana sababu: tangu 1912 zaidi ya robo tatu yake imekwisha. Mimi naulilia msitu. Maji yetu mengi ni mvua na ukungu vinavyonaswa na miti, si theluji inayoyeyuka kileleni. Miteremko ikilimwa bila matuta, udongo wa Kilimanjaro na wa milima ya Pare unaishia Jipe, ziwa linajaa tope na magugu, na mvuvi anasukuma mtumbwi kwa shida mahali ambapo baba yake alipiga kasia.

Serikali hazikulala. Mwaka 2013 Kenya na Tanzania ziliweka sahihi makubaliano ya kutunza pamoja Chala, Jipe na Mto Umba, na mwaka 2016 kikazinduliwa kituo cha pamoja cha forodha cha Holili na Taveta. Kituo kinafanya kazi. Malori yanapita, na kijana haoni ajabu kunywa chai Taveta na kula chakula cha mchana Himo. Makubaliano ya maji hayana jengo wala foleni, kwa hiyo ni rahisi kuyasahau. Nikiwauliza vijana wanaofunga mashine za kuvuta maji kando ya mto, wananieleza vizuri ushuru wa nyanya, ila hawajui aliye chini yao amebakiwa na nini.

Wenzangu tunaokunywa nao mbege wananiambia haya ni mambo ya mawaziri. Mawaziri wamekwisha kuweka sahihi. Kilichobaki ni wazee wa mifongo ya Rombo na wakulima wa Taveta kukaa benchi moja, wapange nani afungue siku gani na mvunja zamu atozwe nini. Mimi napendekeza mbuzi, na aliwe upande wa aliyeibiwa maji.