Tramu ya Ashton



Mhariri aliponiomba niandike kuhusu maisha ya masomo huko Manchester, nadhani alitarajia habari za maktaba na baridi. Maktaba zipo na baridi ipo. Lakini mimi mji ule nilifunzwa na bibi mmoja mgonjwa aliyekuwa akiishi Sale, upande wa kusini-magharibi, na safari za kwenda kwake.

Nilifika Septemba 2024. Nilipangiwa chumba karibu na barabara ya Oxford, ambako mabasi ya ghorofa hufuatana kama siafu tangu alfajiri hadi usiku wa manane. Asubuhi ya kwanza nilisimama kituoni kwa adabu zote za seminari nikasubiri basi lisimame. Likapita. La pili nalo likapita. Kijana mmoja mwanafunzi akanihurumia: "Nyoosha mkono." Sisi tuliozoea konda anayekuita, anayekuvuta na kukubebea begi hata kama huendi anakokwenda yeye, tunaona ajabu kulibembeleza basi. Huko konda hayupo. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine iliyo mbele ya dereva, nauli inakatwa (mwaka 2024 ilikuwa paundi 2), unakaa. Ukishuka unamwambia dereva asante. Watu wa kaskazini wanasema asante hiyo hata wakiwa wamelewa, jambo lililonifurahisha sana.

Kwenye barabara hiyohiyo lipo kanisa kubwa la Jina Takatifu la Yesu, la Wajesuiti. Mchoraji wake, Joseph Aloysius Hansom, ndiye yule aliyepata hataza ya gari la farasi la kukodi mwaka 1834, miaka zaidi ya thelathini kabla ya kanisa kujengwa. Kwa hiyo aliyewajengea watu wa Manchester mahali pa kusali alikuwa tayari amewatengenezea teksi. Ukiendelea kuelekea katikati ya mji, pale All Saints, kuna uso wa jengo la zamani wenye kibao cha ukumbusho: humo ulifanyika Mkutano wa Tano wa Umoja wa Afrika, Oktoba 1945, Kwame Nkrumah na Jomo Kenyatta wakiwemo. Nilipita hapo wiki tatu bila kukiona, maana macho yangu yalikuwa kwenye namba za mabasi.

Kosa la kanisa kuu nitalisema haraka, kwa sababu wenzangu wameshanicheka ya kutosha. Niliingia Kanisa Kuu la Manchester nikiuliza Misa ya mchana ni saa ngapi, na mama mmoja mlangoni akanieleza kwa upole kwamba hapo ni kwa Waanglikana. Kanisa kuu letu, la Mtakatifu Yohane, liko ng'ambo ya mto Irwell, kwenye mji wa Salford, na jimbo letu hubeba jina la Salford, siyo la Manchester.

Sasa nije kwa bibi. Padre mmoja mzee, ambaye nilimsaidia siku za mwisho wa wiki, alinipa majina ya wagonjwa wa kupelekewa Komunyo Ijumaa ya kwanza ya Oktoba. Wengi walikuwa karibu. Mmoja alihamia Sale kwa binti yake lakini hakutaka kuachana na parokia yake ya zamani. "Panda tramu Uwanja wa Mtakatifu Petro, ya Altrincham," aliniambia. "Ukiona Old Trafford ujue umepatia."

Tramu za Manchester ni za njano. Zilianza mwaka 1992, na leo zina vituo 99. Unagusa kadi kwenye nguzo ya kituo kabla ya kupanda, na unagusa tena ukishuka. Ukisahau, unatozwa kama mtu aliyezunguka mji mzima. Hayo niliyashika vizuri. Nikaona tramu inakuja, kwenye paji lake pana herufi A, nikapanda. Nilikuwa na kichombo cha Ekaristi kifuani, chini ya koti, nikawa nasali moyoni bila kuangalia nje.

Nilipoinua macho niliona uwanja wa mpira. Nilishukuru Mungu. Halafu nikaona kwamba kila kitu kilichouzunguka ni bluu.

Kwa asiyefuatilia mpira: Old Trafford ni wa Manchester United, na rangi yao ni nyekundu. Bluu ni City, na City wako mashariki. Nilikuwa nimepanda tramu ya Ashton. Kilichonitia aibu zaidi ni kwamba sikushuka mara moja. Niliona haya kumuuliza mtu, mimi mwenye kola ya upadre, shahada mbili na simu mkononi. Nikaacha vituo vitatu vipite nikijifanya najua ninakokwenda, huku nimembeba Bwana. Nimeungama mambo mengi maishani, na hilo ni miongoni mwa yale yaliyokuwa magumu kuyatamka.

Nilifika Sale nikiwa nimechelewa kwa saa moja na robo. Bibi alikuwa ameketi karibu na meza yenye kitambaa cheupe. Mishumaa miwili ilikuwa imeungua hadi nusu. Hakuniuliza kwa nini nimechelewa. Alinitazama viatu vilivyolowa, kisha akasema, "Ulipanda ya Ashton, sivyo, Baba?"

Alijua kwa sababu ilikuwa kazi yake. Alitoka Ireland akiwa msichana, na miaka ya sitini alikuwa konda wa mabasi ya halmashauri ya jiji, wakati huo yakiwa mekundu. Baada ya kupokea Komunyo na kunyamaza kidogo, akanipa somo. Usisome herufi ya kwanza, soma neno lote. Jifunze miisho ya njia kabla ya vituo vya kati, maana tramu haijiiti kwa mahali unapokwenda wewe. Kituo cha Old Trafford kiko kando ya uwanja wa kriketi, kwa hiyo wa mpira atembee kidogo. Na mfereji ukiwa unakwenda sambamba na reli baada ya Stretford, ni ule wa Bridgewater. Ukiuona, jiandae, Sale si mbali.

Nikarudi kila mwezi, kisha kila wiki. Alinisimulia jinsi mwaka 1986 mabasi yalivyoachiwa kampuni zishindane. Mabasi matatu yalikuja kwa mpigo kugombea abiria walewale, halafu kimya, na mitaa isiyo na faida ikasahauliwa jioni. Nikacheka, nikamweleza habari za daladala zinazokatisha njia na kumshusha abiria katikati ya safari. Akasema, "Kumbe tulikuwa ndugu." Tarehe 5 Januari 2025 mabasi ya sehemu za mwisho za Manchester Kubwa yaliporudi chini ya mamlaka ya umma, alimtaka binti yake amfungulie pazia alione basi la njano likipita. Mimi nilidhani ni ushabiki tu wa mstaafu. Baadaye nikafahamu kwamba dada yake aliwahi kukaa mtaa uliopoteza basi la jioni, na kwa miaka mingi walionana Krismasi tu.

Katikati ya Kwaresima simu yangu iliita saa kumi usiku. Ni binti yake. Paroko wao alikuwa safarini, na mama anamtaja "yule wa Ashton". Saa kumi usiku hakuna tramu. Nikachukua mafuta ya wagonjwa na stola, nikatoka mbio barabarani, nikapata teksi. Kwa wasiwasi nikajikuta nasema kwa Kiswahili, "Ee Mungu wangu, haraka." Dereva akageuka: "Unaenda wapi, mzee?" Msomali, aliyekulia Eastleigh, Nairobi. Nilimweleza. Hakusema neno tena, aliendesha. Nauli aliichukua yote, lakini pale mlangoni alizima injini na kuniambia atakaa robo saa, nisije nikahitaji kukimbizwa hospitali.

Nilimpaka mafuta, nikampa Komunyo ya safari, kipande kidogo sana pamoja na maji. Alifumbua macho.

"Umekuja na tramu gani?"

"Hakuna tramu saa hizi, mama. Nimekuja na teksi."

"Ghali," akasema.

Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kutoka kwake. Tulisali rozari, mimi na binti yake, na kabla hatujamaliza fumbo la nne akawa amekwenda.

Kulipokucha nilitembea hadi kituoni. Mfereji ulikuwa na ukungu na bata wawili. Niligusa kadi kwenye nguzo. Tramu iliyokuja iliandikwa Piccadilly. Nililisoma neno lote, hadi herufi ya mwisho, ndipo nikapanda.