Figo Hazipigi Kelele

Mtu akishika kiuno na kukunja uso, wengi wetu husema, "Hizo ni figo." Mara nyingi si figo, bali ni misuli iliyochoshwa na gunia la saruji au kiti kibovu cha ofisini. Mawe ya figo, naam, humgaragaza mtu chini; lakini figo zinazoacha ghafla kuchuja damu huzimika kimya, kwa muda wa saa au siku chache.

Nililishuhudia jambo hili nyumbani kwa dada yangu, Temeke. Shemeji yangu, fundi wa karakana, aliharisha na kutapika siku tatu. Viungo vikimwuma, alikuwa akinunua diklofenaki dukani na kuimeza asubuhi na jioni. Siku ya nne kuharisha kulikoma, tukashukuru. Dada peke yake hakushukuru. "Baba Asha hajaenda haja ndogo tangu jana mchana," alisema, "na kile kidogo cha jana kilikuwa kama chai ya rangi."

Zahanati ya kwanza walimpima malaria, kisha wakataka kumchoma sindano nyingine ya maumivu. Dada akakataa, tukaenda hospitali ya mkoa. Pale daktari wa magonjwa ya ndani hakukigusa kiuno kwanza. Aliuliza mkojo ulikuwa kiasi gani, na ni dawa zipi zilizotumika, za dukani na za miti shamba pia. Akaagiza vipimo vya mkojo na vya kreatinini, takataka ya misuli ambayo figo huiondoa katika damu. Ilikuwa imepanda mno. Kuharisha kulikuwa kumemkausha maji, damu iendayo kwenye figo ikapungua. Na dawa za jamii ya diklofenaki na ibuprofeni huzuia mishipa midogo ya figo isitanuke wakati inapohitaji kutanuka. Dawa ilisimamishwa, maji yakatundikwa kwa kipimo, na siku ya tatu mkojo ukafunguka. Hakufikia mashine ya kusafisha damu.

Ndugu msomaji, mtu mzima akitoa mkojo usiofika mililita 400 kwa siku nzima, hana muda wa kusubiri Jumatatu. Wengine huvimba uso na miguu, au husinzia ovyo. Mama aliyevuja damu nyingi baada ya kujifungua, na mgonjwa wa malaria kali, wote wamo hatarini.

Wala usianze kwa kumsaka bingwa mji mzima. Tafuta hospitali inayoweza kupima kreatinini siku hiyo hiyo. Isiposhuka, ndipo daktari bingwa wa figo huhitajika. Mzee ambaye mkojo umemziba na tumbo la chini limejaa, huyo huwekewa mpira na kupelekwa kwa daktari wa upasuaji wa njia ya mkojo. Hawa ni mabingwa wawili tofauti, ingawa watu huwachanganya kila siku.

Na unapoondoka nyumbani, beba vifuko vya dawa zote alizomeza mgonjwa, hata vilivyokwisha.