Mjane wa Jangwani na Daftari la Mume



Wengi mnatujua kwa magauni ya harusi. Tuko watatu, charahani tatu, chumba kimoja. Msimu wa harusi ukipamba moto tunashona hadi usiku, na usingizi tunaufukuza kwa hadithi: mmoja anasoma kwa Kiingereza chetu cha skuli na kuwafasiria wenzake, wengine wanatia shanga. Safari hii tumenasa kwenye vitabu vya Joanna Brady, vya mwandishi wa Kimarekani J.A. Jance.

Joanna ni sherifu. Bibi mmoja mteja wetu alisikia "sharifu", akauliza ni wa ukoo gani! Tulicheka naye, tukamweleza kuwa ni mkuu wa polisi wa kaunti, na kule huchaguliwa kwa kura. Kaunti yenyewe ni Cochise, jangwani Arizona, mpakani na Meksiko. Anaishi karibu na Bisbee, mji uliokuwa wa machimbo ya shaba.

Katika kitabu cha kwanza, Desert Heat, cha 1993, Joanna bado si polisi. Anafanya kazi ofisi ya bima, na mumewe Andy ndiye anayegombea usherifu. Siku ya kutimiza miaka 10 ya ndoa, Andy harudi nyumbani. Joanna anatoka kumtafuta, anamkuta amepigwa risasi. Anafariki. Machozi hayajakauka, wanasema alijipiga mwenyewe, tena alikuwa kwenye magendo ya dawa za kulevya.

Hapo charahani zilisimama.

Mwenzetu mmoja ni mjane. Akiwa eda, alikuja mtu kudai kuwa marehemu amekufa na deni lake kubwa. Mwenzetu hakuwa na jibu. Mambo ya fedha hakuwahi kumuuliza mumewe, aliona si adabu. Siku ya tisa shemeji yake alikuta daftari chini ya godoro, na ndani yake saini ya mdai mwenyewe: amelipwa yote. Deni lilikwisha, lakini zile siku tisa alizomdhania vibaya baba watoto wake zinamuuma mpaka leo.

Joanna hakumdhania Andy. Alimjua, basi akasimama kulitetea jina lake mpaka ukweli ukatoka. Watu wakamtaka agombee yeye, akashinda. Kilichotufurahisha zaidi ni kitabu cha tatu, Shoot, Don't Shoot: cheo anacho, na bado anakwenda kukaa darasani kujifunza upolisi. Hakuona haya. Jance mwenyewe alikulia Bisbee, akauza bima, na riwaya zake za mwanzo aliziandika alfajiri kabla ya kuwatayarisha watoto kwenda skuli.

Dini yao si yetu, na mengi yao hatuyachukui. Lakini kuandika madeni tumeagizwa sisi, katika Suratul Baqara, aya ya 282. Basi bi harusi, somo akimaliza kukufunda udi na singo, ukishaingia nyumbani kwako muulize mumeo kwa upole: daftari letu liko wapi? Kuuliza si kumshuku. Iko siku huenda wewe ndiye utakayekuwa shahidi wake.

Allah azihifadhi ndoa zetu na awarehemu waliotutangulia. Amin.