Kiinua mgongo kimeishia kwenye Land Rover!

Ndugu msomaji, ukitaka kujua kama umefika Arusha usihangaike kuutafuta Mlima Meru. Mlima ule wa mita 4,566 una tabia ya kujifunika shuka la mawingu kutwa nzima, na mgeni anaweza kukaa wiki asiuone hata kidogo. Wewe tega sikio tu. Ukisikia gari linapanda kilima kwa kukoroma kama babu aliyelala chali, na nyuma yake moshi, basi hapo ni Arusha, na hilo ni Land Rover.

Pale Mnara wa Saa siku hizi mashangingi ya kubebea watalii yanapishana mfululizo, na mengi ni Toyota. Lakini Oktoba 2024 jiji hili lilitoa fundisho. Land Rover zaidi ya 1,000 zilikusanyika na kuandamana kwa shabaha ya kuwapiku Wajerumani, ambao mwaka 2018 walikuwa wamepanga 632. Humo zilikuwamo mpya ambazo bado zinanukia dukani. Hizo tuachane nazo, mwenye ngawira zake na atanue. Mimi nazungumzia zile kuukuu, zenye taa mbili za duara na vioo vya kusukuma kwa mkono, ambazo nyuma ya usukani unamkuta mzee wa miaka sitini na ushei, pama kichwani, ametulia kama bwana harusi.

Mtumishi wa umma hapa kwetu anaweza kustaafu kwa hiari akifika miaka 55, na akifika 60 hana ujanja. Yanayofuata tunayajua. Mmoja anajenga vyumba vya kupangisha, mwingine ananunua ng'ombe wa maziwa, mwingine anaongeza mke (msinicheke, ninao ninaowajua). Arusha kuna ugonjwa wa nne, nao ni wa kufufua magari ya zamani. Ukimpata mtu, haumwachi.

Mgonjwa niliyemtembelea mimi anaishi Ilboru, kwenye miteremko ya Meru, migomba hadi mlangoni. Alikuwa bwana shamba, kazunguka Monduli na Loliondo kwa Land Rover za serikali karibu umri wake wote wa kazi. Jina kaomba tuliache, kwa sababu anazozijua yeye na mkewe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Usikanyage hizo nati!"

Ndivyo nilivyokaribishwa. Chini ya mti wa parachichi lilikuwapo gari la mwaka 1966, lile fupi, limevuliwa milango, boneti na siti. Nati zake zilitandazwa juu ya gunia kama maharage yaliyoanikwa. Alilipata miaka mingi iliyopita kwenye mnada wa magari chakavu ya serikali, akaliegesha mgombani, na kuku wakataga kwenye siti ya dereva mpaka siku aliyostaafu. Mkewe, mwalimu mstaafu, alituletea chai ya maziwa akasimama kidogo mlangoni. "Muulize, nyumba ya nani inayovuja?" aliniambia, kisha akaingia zake ndani. Mzee akajifanya kutafuta spana.

Tuseme ukweli, swali la mama ni la haki. Lakini na mzee ana hoja zake.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948. Uingereza ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani, chuma kinatolewa kwa mgawo, ndipo wahandisi wakaamua bodi iwe ya aluminiamu. Bodi hiyo haili kutu kama bati la kawaida. Chesisi ndiyo ya chuma, na huko ndiko kifo kinakoanzia. Gari la Tanga au Dar es Salaam, linalopulizwa chumvi ya bahari mchana na usiku, ukilichungulia chini unaweza kukuta chesisi inamomonyoka kama biskuti. Huku Arusha, juu ya mita 1,300 na mbali kabisa na bahari, chesisi ya miaka hamsini na zaidi bado inagongwa nyundo ikalia. Ndiyo maana hazina hii imebaki huku kaskazini.

Adui mkubwa wa bodi za namna hiyo ni mnunuzi wa chuma chakavu mwenye mizani mkononi. Aluminiamu inayeyuka kirahisi na kumiminwa kwenye kalibu. Sufuria unayosongea ugali leo, nani ajuaye kama haikuwa mlango wa Land Rover ya bwana shamba? Mzee akifa leo, watoto wake walioko Dar watakuja kuzika, na kabla matanga hayajaanuliwa mwenye mizani atakuwa amebisha hodi. Haya anayasema mwenyewe mzee, tena bila hasira.

Nikamuuliza spea anatoa wapi. Akacheka, akanirudisha mwaka 1977. Februari mwaka ule, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka na Kenya ulifungwa. Namanga iko kama kilomita 110 tu kutoka Arusha, na spea nyingi za huku zilikuwa zikitoka Nairobi. Ukawa mwisho wa mchezo. Mpaka haukufunguliwa mpaka Novemba 1983. Petroli nayo ilikuwa ya shida, hata watu binafsi wakazuiwa kuendesha magari Jumapili baada ya saa nane mchana. Wazee wanakumbuka walivyokuwa wakikimbizana na saa kurudi kanisani. Afadhali matairi, yalikuwa yakitengenezwa hapa hapa na General Tyre, kiwanda ambacho nacho kilikuja kusimama mwishoni mwa miaka ya 2000.

Basi miaka ile sita, fundi wa Arusha alijifunza kwa lazima. Gasketi ilikatwa kwenye boksi, bushi ikachongwa kwenye tairi bovu, kipande kilichokosekana kikapelekwa kukerezwa. Hilo ndilo chuo lililowatoa mafundi ambao wastaafu wanawategemea mpaka leo.

Mzee akanipeleka kwa wake, Unga Limited. Mgeni asiogope jina, ni mtaa. Hapo kuna gereji za kila aina, na ukipita na gari zima unaweza kudhani wanakutamani. Fundi huyo ana zaidi ya miaka sabini. Chini ya benchi lake kuna boksi la bati lenye spana za inchi, na nikwambie, boksi hilo lina thamani kuliko unavyofikiri. Magari ya Kijapani yanafungwa kwa spana za milimita, na vijana wa gereji za siku hizi hizo ndizo wanazozijua. Kijana ataichukua nati ya Mwingereza, ataing'ang'aniza na kumi na tatu yake, kona zinalika, mwisho anaomba tindo. Fundi mzee anaigusa kwa kidole anakutajia saizi.

Hapo ndipo penye mgogoro. Ukienda kwa fundi kijana na Land Rover yenye injini mbovu, ushauri utakaopewa ni mmoja: "Mzee, tupa hiyo, tukufungie ya Toyota." Kwa anayebeba abiria na magunia kwenda vijiji vya Wamasai sina neno, tumbo halina mila, afunge hata ya trekta. Lakini mstaafu anayejigamba kwamba kafufua gari la 1966, halafu chini ya boneti kuna injini ya Kijapani ya juzi! Hapana bwana. Hapo amefufua bati tu.

Kufufua kwenyewe si lelemama. Anza na chesisi, palia kutu kwa brashi ya waya, ziba panapotoboka, ndipo ufikirie injini. Rangi ni ya mwisho kabisa. Wengi wanafanya kinyume, wanapuliza rangi inang'aa, gari linapigwa picha na wajukuu, kesho yake linavutwa. Halafu angalia pale aluminiamu inapokutana na chuma. Maji yakituama katikati, aluminiamu huliwa ikawa unga mweupe. Hayo yote niliambiwa nikiwa nimechuchumaa chini ya gari, mafuta yananidondokea shingoni.

Siku ya pili tulifanya safari. La mzee likiwa bado halijakamilika, tulipanda la rafiki yake, naye mstaafu, la umri ule ule lakini limekwisha fufuka. Tukatoka mjini kwa Sanawari, tukapita Tengeru penye soko na ndizi zake, tukafika Usa River, na pale Leganga tukapinda kushoto kuelekea Momella. Kwenye gari hili gia namba moja na mbili haziingii kwa kubembelezwa. Unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukikosea unasikia mlio kama mtu anasaga mawe. Dereva wetu hakukosea hata mara moja, na kila alipofanikiwa alinitazama kwenye kioo kuhakikisha nimeona.

Ukivuka geti la Ngongongare, Hifadhi ya Taifa ya Arusha inakupokea na uwanda wanaouita Serengeti Ndogo, nyati na twiga wamejaa kama ng'ombe wa jirani. Mbele zaidi ni maziwa ya Momella. Huku ndiko Wamarekani walikokuja kupiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, John Wayne akiwa ndani. Wenye kumbukumbu wanajua vile magari yalivyokimbizana na vifaru, mtu amekaa kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa na mti wenye kitanzi mkononi. Mwigizaji mwenzake, Mjerumani Hardy Krüger, alipendezwa na mahali hapo mpaka akanunua shamba na kulowea miaka kadhaa. Tulisimama, injini ikazimwa, na Meru siku hiyo akavua shuka lake. Upande huu wa mashariki unaona kabisa jinsi mlima ulivyobomoka ukabaki kama kiti cha enzi. Wazee wangu wawili hawakuutazama hata dakika mbili. Walishafungua boneti.

Wenzetu wa Kenya wametuacha mbali kwa mashindano. Nairobi kuna Concours d'Elegance, yanayoandaliwa na klabu ya wenye Alfa Romeo tangu mwaka 1970, ambapo majaji wanachungulia mpaka uvunguni. Sisi tunayo historia lakini hatuiringii. Mwaka 1966 na 1967 Safari Rally ilichukuliwa mfululizo na Bert Shankland, dereva wa hapa Tanzania, na Peugeot 404 yake. Peugeot za namna ile zimeozea wapi? Na usidhani utaagiza nyingine ng'ambo kirahisi, maana gari lililopita miaka kumi linabebeshwa ushuru wa ziada wa uchakavu.

La mzee wa Ilboru bado halijatembea. Limebaki gia boksi, na hela yake ilikuwa imeshatengwa. Lakini fundi wa Unga Limited amepata mtoto wa jicho, nati za ndani haoni tena, na gia boksi ya namna ile mzee hampi mwingine. Wiki niliyoondoka, hela ya gia boksi ilikuwa imekwenda hospitali kulipia jicho la kulia. Mzee alitegemea ugomvi nyumbani. Mama akauliza tu kama la kushoto nalo lina tatizo, akaingia jikoni kumchemshia mgonjwa mtori.