Sahihi Zangu Mbili

Nilitia sahihi kwamba mfereji wa barabara ya mtaa wetu umekamilika, na haukuwa umekamilika. Tena nilitia sahihi hiyo mara mbili. Ya kwanza naweza kuitafutia udhuru. Ya pili haina.

Hapa Kolwezi wengi wananijua kwa makelele. Februari 2023, Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ulipotoa ripoti juu ya Sicomines, mkataba wa madini wa 2008 kati ya Kongo na kampuni za Kichina, nilikuwa na hesabu zote mdomoni: dola bilioni 3 za barabara na kazi nyingine za umma ziliahidiwa kwa ajili ya shaba yetu, na baada ya miaka 15 zilikuwa zimetumika milioni 822 tu. Nililisema hilo sokoni, kanisani, hata ndani ya teksi. Kumbe siku hizo zote kulikuwa na faili ofisini lenye jina langu ndani yake.

Tangu Sheria ya Madini ilipobadilishwa mwaka 2018, mrabaha hugawanywa hivi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 10 mfuko wa vizazi vijavyo, na 15 zinaingia moja kwa moja kwenye komini, sekta au eneo la chifu palipo na mgodi. Pesa ambazo zamani tulizililia Kinshasa, sehemu yake sasa iko katika ofisi unayoweza kuifikia kwa miguu. Basi kazi zinazolipwa kwa pesa hizo zinapokwisha, anatafutwa mkaaji wa mtaa aweke sahihi kuonyesha kwamba wananchi wameona. Kwa mtaa wetu, mimi ndiye niliyekuwa mjumbe huyo.

Siku ya kupokea kazi palikuwa na turubai, soda, hotuba na bahasha ya usafiri. Karatasi ilisema mitaro pande zote mbili hadi kijitoni. Sikutembea hadi mwisho. Jua lilikuwa kali, lakini si jua lililonizuia. Niliona haya kuinuka peke yangu na futi mkononi mbele ya wakubwa. Ningetembea, ningeukuta mfereji wa kushoto umeishia kwenye ukuta wa kiwanja cha mtu.

Mvua za Novemba ziliuona ukuta huo kabla yangu. Maji yakarudi, yakachimba chini ya ukingo, na barabara ikabaki nusu. Malori yanayokwepa msongamano wa njia kuu hukatiza kwetu. Lori likikutana na teksi, moja sharti lirudi nyuma, pikipiki zinapanda barazani kwa watu, na foleni inafunga hadi njia ya Likasi. Watu waliponiuliza, nikawalaumu vijana wa pikipiki kwamba hawajui kuendesha. Lawama hiyo ilikubalika upesi mno.

Sasa ile ya pili. Kazi za namna hii hupokewa mara mbili: kwa muda, halafu kabisa. Katikati kuna kipindi cha dhamana, mara nyingi mwaka mmoja, na sehemu ya malipo ya mkandarasi hushikiliwa. Barabara ikiharibika kwa kosa lake, anaitengeneza kwa gharama yake. Hapo ndipo mwananchi ana meno. Karani alinifuata nyumbani na karatasi hiyo ya mwisho, na shimo nikiliona kutoka mlangoni pangu. Kukataa kungekuwa kukiri kwamba ile ya kwanza ilikuwa uongo. Nikatia sahihi.

Baadaye wamama wanaouza kando ya barabara waliamua kwenda kulalamika, wakaniweka mbele kwa sababu ya mdomo wangu. Afisa alinisikiliza hadi mwisho, kwa heshima kabisa. Kisha akafungua faili, akaligeuza upande wetu.

“Papa, hii si sahihi yako?”

Tulipotoka, mama mmoja muuza unga aliniuliza bahasha ilikuwa na ngapi. Nikamwambia mbele ya wote. Akapiga hesabu: haifiki bei ya mfuko wa kilo 25. Hakunitukana, aliuliza tu kama ile karatasi ya vipimo bado ninayo. Ninayo. Tukaenda kupima mfereji kwa kamba, yeye kaishika ncha moja na mimi nyingine, na ulipungua zaidi ya theluthi. Barua yenye vipimo hivyo na maungamo yangu iko ofisini, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Mkandarasi ameshalipwa pesa zote.