Udongo wa Keumbu wafika ziwani bila leseni

Msafiri atokaye mjini Kisii kuelekea Keroka hana haja ya kuuliza Keumbu ni wapi. Pua yake itampasha habari mapema. Ni harufu ya ndizi mbivu, zilizopangwa kando ya lami vichane kwa vichane, na matatu haijasimama sawasawa kabla ya kila dirisha kujaa mikono. Anunuaye kwa pupa hulipa zaidi. Asubiriye hadi dereva apige honi ya kuondoka hupewa kichane kile kile kwa bei ambayo jirani yake kwenye kiti ataionea kijicho hadi Sotik. Na mgeni asishtuke akimsikia mtoto akimwita mwuza ndizi "baba," ilhali amwonaye ni mama mzima aliyejifunga leso. Kwa Ekegusii baba ndiye mama, na mzee wa nyumba ni tata.

Ndizi zenyewe hazitoki mbali. Nyuma ya vibanda ardhi inaanza kuteremka, na huko ndiko mashamba yaliko. Shamba la Mgusii wa sehemu hizi ni ukanda mwembamba: kichwa chake kiko juu, karibu na barabara, na miguu yake iko bondeni penye kijito. Baba akigawia wanawe, hugawanya kwa urefu ili kila mmoja apate njia juu na maji chini. Wajukuu wakija, kanda zinakuwa nyembamba zaidi. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, yaani watu 957 kwa kila kilomita mraba, na wengi wao ni wakulima wala si watu wa maghorofa.

Mvua nayo haijui likizo. Nyanda hizi hupata zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na ikinyesha alasiri, kama ilivyo kawaida yake, maji hushuka kwenye kanda hizo yakiwa na rangi ya matofali. Yanaingia kijitoni, na kijito kinaingia katika mto Gucha.

Sasa bandari inaingiaje katika hadithi ya mji wa milimani, usio hata na bwawa la kuogelea? Inaingia kwa sababu ya mto huo. Gucha huanzia nyanda za juu za Kiabonyoru huko Nyamira, hupita nchi ya Wagusii, kisha hushuka hadi Kaunti ya Migori, ambako Wajaluo huuita Kuja, na baada ya safari ya karibu kilomita 150 humwaga maji yake katika Ziwa Victoria kule Nyatike. Kwa hivyo wavuvi wa huko wanapotaka kujenga gati la mitumbwi yao, na serikali ikawauliza kuhusu usafi wa maji, swali hilo limeanzia huku kwenye ndizi.

Wa kwanza kuonja habari hiyo si wavuvi bali ni watu wa mji wa Kisii. Karibu tu na Keumbu, mahali paitwapo Kegati, kuna mitambo ya kusafisha maji ya Gucha yanayopelekwa mjini. Mto ukiwa na rangi ya chai ya maziwa, kazi ya hapo inakuwa nyingi: dawa ya kugandisha udongo inatumika zaidi, matope yanayobaki ni mengi, na gharama inapanda. Mwenye mfereji nyumbani analipia udongo wa jirani yake bila kujua.

Baada ya hapo barabara na mto haviandamani. Mto unashika njia yake kusini na magharibi, ukipokea mto Riana utokao upande wa mji wa Kisii, kisha mto Migori, na kuzungusha njiani mashine za kituo kidogo cha umeme cha Gogo, kilichojengwa miaka ya 1950. Msafiri naye hushuka kwa Rongo, Rodi Kopany na Ndhiwa hadi Sori, kwenye ghuba ya Karungu. Sweta aliyoivaa asubuhi Keumbu inavuliwa Rongo na kufungwa kiunoni, na huko Ndhiwa inakuwa mzigo. Ziwa liko mita 1,134 hivi juu ya bahari. Milima aliyotoka iko juu zaidi kwa mita mia kadhaa, na joto linahesabu kila mita.

Ufuoni omena wameanikwa juu ya nyavu kuukuu, wanameta kama misumari mipya. Lakini tazama jinsi samaki anavyofika pale. Kwenye bichi nyingi za upande huu mtumbwi hauwezi kufika ukavu, kwa hiyo wachukuzi huingia majini hadi kiunoni, wakarudi na beseni kichwani. Maji hayo hayo ndiyo yanayooshea nyavu, na mtumbwi, na mara nyingi sufuria. Choo kikiwa mbali, au kikiwa hakipo, ni afadhali nisieleze zaidi katika ukurasa unaosomwa mezani Jumapili. Mwaka 2020 ziwa lilifura hadi kiwango kilichokuwa hakijaonekana tangu 1964, likameza vibanda na vyoo vya fuo nyingi, na hapo kila mtu akaelewa kwamba mchanga mtupu si bandari.

Wavuvi wanachotaka si kikubwa. Wanataka gati fupi ambalo mtumbwi utaegemea, sakafu ya saruji ya kupimia samaki, maji safi ya bomba, choo, barafu, na taa. Si anasa. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zilifunga soko kwa samaki wa Ziwa Victoria baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi walikuwa wakitumia sumu, na iliwachukua Wakenya zaidi ya mwaka mmoja kulifungua tena. Mbuta aliyekuwa akisafiri kwa ndege akawa hana mnunuzi ufuoni. Tangu wakati huo mvuvi wa Nyanza anajua kwamba samaki huweza kukataliwa kwa sababu ya maji aliyotolewa na mahali alipolazwa.

Lakini gati halijengwi kwa mawe na jasho pekee. Sheria ya mazingira ya 1999, ile iliyoanzisha NEMA, inataka mradi wa namna hii upimwe athari zake kabla ya nguzo ya kwanza kusimikwa. Ajiriwe mtaalamu aliyesajiliwa, aandike ripoti. Mradi ukionekana mzito, kanuni za 2003 ziliagiza mikutano isiyopungua mitatu na wananchi, tangazo gazetini kwa wiki mbili mfululizo, na tangazo redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha ya wenyeji. Kisha zikaja kanuni za ubora wa maji za 2006. Hizo zilisema kwamba asiwepo wa kumwaga maji machafu kutoka mahali pa kazi bila leseni, wala wa kufanya shughuli kando ya ziwa au mto inayoweza kuharibu maji bila kibali cha mazingira.

Mambo yanayoulizwa ni ya haki. Mkichimba sakafu ya ziwa ili mitumbwi ipite, matope mtayatupa wapi? Mafuta ya injini yakimwagika, mtayazuiaje? Damu na maji ya kuoshea samaki yataelekea wapi, na choo kiko mbali kiasi gani na maji? Huko Marekani nako, chini ya sheria yao ya maji safi ya 1972, bandari ndogo ya mashua haipati ruhusa ya wahandisi wa jeshi wanaosimamia kazi hizo mpaka jimbo lenyewe liwe limethibitisha kwamba maji yake hayatachafuliwa, au limeamua kulinyamazia suala hilo. Kwa hivyo asidhani mtu kuwa huu ni usumbufu uliobuniwa kwa ajili ya Wajaluo wenye nyavu.

Tatizo ni hesabu. Kanuni za 2006 ziliweka kipimo cha vumbi na udongo unaoelea katika maji yanayomwagwa: usizidi miligramu 30 kwa lita. Mama wa nyumbani ataelewa hivi: chukua pipa la lita 200, utie ndani yake gramu 6 za udongo, yaani kijiko kimoja cha chai kilichojaa, ukoroge. Zaidi ya hapo umevunja sheria. Bichi itakayojenga sakafu ya kuoshea samaki itapimwa kwa kijiko hicho. Nao mto, siku ya mvua kubwa, hupita hapo kusini ukimwaga ziwani udongo usiohesabika kwa vijiko, na hakuna aliyeuuliza leseni.

Zaidi ya hayo, kabla ya ujenzi ni lazima maji ya pale yapimwe ili ijulikane yalikuwaje, gati likaja kulaumiwa kwa kilicho chake tu. Hapo siku ya kupima ni jambo kubwa kuliko watu wanavyofikiri. Pima Januari, jua likiwaka, uone maji yametulia. Pima Aprili au Mei na utapata shamba zima ndani ya chupa. Kamati ya bichi iliyopimiwa Januari kisha ikajenga wakati wa masika itaonekana imechafua ziwa, ingawa haikufanya kosa. Nawashauri wakuu wa bichi wadai maji yapimwe misimu yote miwili, hata kama mtaalamu atataka posho ya safari ya pili. Ni nafuu kuliko kesi.

"Jaduong'," nilimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akiziba mtumbwi, "maji haya ya rangi hutoka wapi?"

"Kwa watu wa ndizi," akajibu bila kuinua macho. "Shamba lao hutuletea bure, mwanangu. Ndizi ndizo hutuuzia."

Ni mzaha, lakini una haki nusu tu. Mgomba wenyewe si adui wa mto. Ukiwa na majani yake makavu yaliyotandazwa chini, hushika udongo vizuri kuliko mimea mingi. Mwenye kosa ni mahindi yaliyolimwa wima kwenye mteremko, na jembe linaloshuka mpaka ukingoni penyewe pa kijito. Wala si Keumbu peke yake: mji wa Kisii una taka zake, na huko chini Macalder wachimbaji wadogo wa dhahabu hutumia zebaki, ambayo ni ubaya wa aina nyingine kabisa na unastahili makala yake.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba kanuni zile zile za 2006 zinazomkaba mvuvi ziliandikwa pia kwa mkulima. Zilikataza kulima au kujenga ukingoni mwa mto, kuanzia mita 6 na kufikia mita 30 kila upande, zikihesabiwa kutoka pale maji yalipowahi kufika yakifurika. Sasa rudi kwenye ukanda wetu wa Keumbu. Tuseme una upana wa mita 20 na urefu wa mita 200, ambayo ni karibu ekari moja. Mita 6 za chini ni eneo dogo, asilimia 3 ya shamba. Mita 30 ni asilimia 15, na hapo ndipo penye nduma, nyasi za ng'ombe na mikaratusi ya kuuza. Mwaka 2009 marehemu John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza mikaratusi ing'olewe penye vyanzo vya maji. Agizo lilikuwa la busara kwa maji. Lakini mti huo ndio karo ya muhula wa tatu, na mwenye ekari moja haung'oi kwa sababu ya mtumbwi asiouona.

Kwa maoni yangu mita 6 zapaswa kuanza sasa, kwa nyasi za nepia, ambazo hushika udongo na ng'ombe wakala. Mita 30 zitazungumzwa siku kutakapokuwa na fidia. Vyama vya watumiaji maji vilivyotambuliwa na sheria ya maji viko kwa kazi hiyo hasa, na vinaweza kukutanisha watu wa juu na wa chini kwa gharama ya chai na mkate. Fedha za gati lolote la Nyatike zingeweza kutenga sehemu ndogo ya kununulia miche ya nyasi huku milimani. Mhandisi ataona ajabu kusikia kwamba nguzo ya kwanza ya gati ni nyasi za Keumbu, lakini gati linalojazwa matope litachimbwa tena, na kila kuchimba ni kibali kipya.

Kuna pia jambo dogo la lugha. Tangazo la gati la Sori, likitoka redioni kwa lugha ya wenyeji kama kanuni za 2003 zilivyotaka, litatoka kwa Kijaluo, na baraza zitafanyika ufuoni. Hakuna kosa hapo; mradi uko kwao. Lakini mto una majina mawili, na wanaouita Gucha hawatalisikia tangazo hilo. Mama wa Keumbu ataendelea kupanga vichane vyake, na jioni atanunua omena wa kikombe kutoka kwa mchuuzi aliyepanda na gari la Rongo, awachague changarawe mmoja mmoja kabla ya kuwatia chunguni.