Njiwa Wawili na Mfuko wa Sadaka

Kila tarehe 2 Februari, mishumaa ikiisha kubarikiwa, tunasikia tena jinsi Maria na Yosefu walivyompeleka Mtoto hekaluni na kutoa sadaka ya maskini. Sheria ya Musa ilimtaka mama aliyejifungua alete mwanakondoo. Asiyekuwa na uwezo aliruhusiwa kuleta hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Habari hiyo tumeisikia tangu utoto wetu, wala hatukuwahi kuwafikiria wale ndege. Walikuwa alama ya umaskini wa Familia Takatifu, basi. Ilitubidi kukaa majuma kadhaa mbali na nyumbani, katika baridi ya mashariki mwa Uingereza, ndipo tuwafikirie.

Ilikuwa mwaka 2023. Parokia moja ya mashambani, yenye urafiki wa siku nyingi na chama chetu, ilikuwa imewaalika watu watatu kutoka Goma, nasi tukatumwa. Tulifika mwishoni mwa Januari. Nyuma yetu tulikuwa tumeacha mji uliojaa wakimbizi wa vita: Kanyaruchinya palikuwa pamefurika, na kila Jumapili wanashirika walileta mbele ya altare maharagwe, sabuni na nguo zilizovaliwa.

Asubuhi ya kwanza, kabla hapajapambazuka vizuri, mlio mkubwa ulitikisa vioo vya dirisha. Ukafuata wa pili, kisha wa tatu. Bila kuulizana tulijikuta tumelala sakafuni, na mmoja wetu amekwisha kuburuta godoro na kuliegemeza dirishani, kama tulivyozoea. Mzee mwenye nyumba alipopanda ngazi akiwa na chai alitukuta katika hali hiyo. Aliona haya kuliko sisi. Akatueleza kuwa ni mzinga wa gesi, chombo kisicho na risasi wala shabaha, kinacholipuka chenyewe kila baada ya dakika chache ili kuwafukuza njiwa wasile shamba lake la kolza.

Siku hiyo alitupeleka kuliona shamba lenyewe. Kolza ni mmea wa mbegu za mafuta. Wakati wa kuchanua hufunika nchi kwa manjano, lakini katika baridi huwa majani ya kijani tu, na ndiyo karibu chakula pekee kilichobaki wazi kwa ndege. Upande mmoja wa shamba mimea ilikuwa imefika kifundo cha mguu. Upande wa pili ilibaki mishipa ya majani na vijiti. Njiwa wa mwituni wa nchi hiyo si mdogo kama hua wetu. Ana uzito wa karibu nusu kilo, kifua chenye rangi ya zabibu, doa jeupe shingoni na mstari mweupe katika kila bawa. Hutembea kwa makundi ya mamia, na tangu wakulima wa Uingereza walipoanza kupanda kolza kwa wingi, miaka ya 1970 na kuendelea, amepata chakula cha kumvusha majira ya baridi yaliyokuwa yakimpunguza zamani. Yaani ni mwanadamu aliyemwandalia meza, na sasa analalamika kwamba mgeni anakula sana. Mmoja wetu, aliyekulia Rutshuru na kutumwa shambani kila mavuno kufukuza ndege wa mtama kwa kelele na manati, hakucheka tulipolisema hilo. Alisema kuwa anayewasifu ndege ni yule asiyelima.

Mzee alitueleza desturi yao. Msimu wa kuwinda fesanti, ndege wa jamaa ya kwale, hufungwa tarehe 1 Februari. Kuanzia hapo misitu midogo ya mashamba makubwa, ambayo miezi yote ya baridi hulindwa isitishwe, hufunguliwa kwa wawindaji wa njiwa. Wenye mashamba jirani hupatana siku moja, kwa kawaida Jumamosi za mwezi huo, ili kila msitu uwe na watu wake. Njiwa akifukuzwa hapa asipate utulivu kule. Watu huingia mitini alasiri, saa moja au mbili kabla ya jua kutua, wakajificha chini ya miti ya misindano na ile iliyofunikwa na mitambaazi ya kijani, wakiwangoja njiwa wanaorudi kulala. Jioni ya upepo ndiyo nzuri, kwa sababu upepo huwalazimisha kuruka chini na kuufunika mlio wa bunduki. Anayeinua uso mapema ameharibu kila kitu, maana jicho la njiwa ni kali kupita letu.

Katika sehemu nyingi kuna ndoo au kopo mlangoni. Mwenye msitu hadai ada. Kila mwenye bunduki hutia fedha kwa ajili ya kazi ya huruma: nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, paa la kanisa, au helikopta za kubeba wagonjwa mahututi, ambazo nchini humo hutegemea sana michango ya watu. Kwa mzee wetu ilikuwa pauni 20 kwa kila mtu. Mwaka huo alikuwa ameamua kugawa mfuko mafungu mawili, nusu ya helikopta, nusu ya wakimbizi wa Goma. Alitupa habari hiyo kwa furaha, kama mtu aliyeficha zawadi kwa muda mrefu.

Hatukujua la kujibu. Tulisema asante.

Siku zilizofuata tulikuwa na moyo uliogawanyika. Tarehe 1 Februari Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa Kinshasa akiwasikiliza watu wa mashariki, ndugu zetu, walioweka mbele ya msalaba panga kama zile zilizowaua wazazi wao. Alikuwa amekusudia kufika Goma, vita vikazuia. Tuliwatazama katika simu, watatu juu ya kitanda kimoja, huku mzinga wa gesi ukilia shambani. Kesho yake, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, alikutana na vijana katika uwanja wa Mashahidi wa Kinshasa na kuwakumbusha habari za Floribert Bwana Chui, kijana wa mji wetu, aliyeuawa mwaka 2007 akiwa na umri wa miaka 26 kwa kuwa alikataa fedha za wale waliotaka chakula kilichooza kipite mpakani. Wakati ule alikuwa bado hajatangazwa Mwenyeheri. Jambo hilo lilifanyika Roma tarehe 15 Juni 2025. Lakini kwetu lilikuwa jina la nyumbani, nalo lilitujia siku ile ile tulipokuwa tunajiuliza juu ya fedha.

Jumamosi tulikwenda. Hatukushika bunduki, tulipewa makoti ya rangi ya majani makavu na kuambiwa tusimame kimya nyuma ya wapigaji. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu ila upepo katika misindano. Kisha njiwa wakaja, kwanza wawili, halafu kumi, halafu kundi lililolifanya anga lionekane kama linasogea. Bunduki zikaanza, yetu na za misitu mingine, mbali na karibu, pande zote, huku giza likishuka.

Ndugu vijana, ninyi mnaijua saa hiyo. Ni saa ya kuita watoto waingie ndani. Yule wa Rutshuru alikaa chini, akaegemea mti, akaziba masikio. Hatukumlaumu. Sisi wengine wawili tulibaki tumesimama, na ukweli ni kwamba mmoja wetu alianza kufurahia. Alikuwa akiwahesabu walioanguka. Alikiri baadaye, naye ameturuhusu kuliandika.

Jioni tuliwakusanya kwa taa na kwa msaada wa mbwa. Wengi wao magole yalikuwa yamevimba, na tulipopasua moja tukakuta majani ya kolza yaliyofungana kama ugali wa kijani. Mzee hakuwa mwongo: walikuwa wanakula shamba lake. Mmoja alikuwa bado hai. Kijana mmoja wa pale alimmaliza upesi, bila kutazama pembeni wala kucheka, nasi tukamheshimu kwa hilo.

Kisha bahasha ikaja.

Usiku huo tulibishana mpaka mishumaa ikaisha. (Umeme ulikuwapo, ni sisi tulioizima taa, tukidhani giza litatutuliza.) Mmoja alisema fedha hizi zimetoka katika milio ile ile iliyowakimbiza watu wetu, na hatuwezi kuwapelekea blanketi lililonunuliwa kwa starehe ya bunduki. Mwingine akajibu kwamba bunduki hizi hazijaua mtu. Mkulima analinda mazao yake, na Katekisimu ya Kanisa inakubali kuwa wanyama watumiwe kwa mahitaji ya mwanadamu. Ndiyo, akasema wa tatu, lakini Katekisimu hiyo hiyo, katika namba 2418, yafundisha kwamba kuwatesa au kuwaua wanyama bila sababu hakupatani na hadhi ya mwanadamu. Sababu hapa ni ipi? Ni shamba, ni mchezo, au ni sisi?

Swali hilo lilikuwa kali kuliko tulivyodhani. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1981 huwalinda ndege wote wa porini, na njiwa huuawa tu kwa leseni ya jumla yenye makusudi yaliyotajwa, kama kuzuia hasara kubwa ya mazao. Mwaka 2019 leseni hizo ziliondolewa kwa ghafula baada ya watetezi wa ndege kwenda kisheria, na zikatolewa upya baadaye kwa masharti mengine. Mzee alitusimulia hayo kwa uchungu. Lakini yafuatayo hutoka humo: mbele ya sheria hakuna njiwa awezaye kuuawa kwa ajili ya helikopta, wala kwa ajili ya wakimbizi wa Bulengo. Anauawa kwa ajili ya kolza. Sadaka inakuja baadaye, ikikuta tendo limekwisha kuamuliwa, na kulivika nguo ya Jumapili.

Je, na sisi hatufanyi hivyo? Tumewahi kuandaa mechi ya mpira «kwa ajili ya mayatima» kwa sababu tulitaka kucheza. Tumewahi kuuza vinywaji usiku kucha «kwa ajili ya paa la kapela». Yule wa Rutshuru alilitaja hilo, naye ndiye aliyekuwa amekataa kuigusa bahasha. Akaongeza kwamba Maria na Yosefu walitoa njiwa ambao wao wenyewe waliwahitaji, kwa maana kwao palikuwa na chakula kidogo. Kule msituni hakuna aliyepungukiwa kitu. Tulimkumbusha pauni 20. Akasema pauni 20 ni bei ya jioni njema.

Na Floribert? Aliyetaka kuchukua alisema: Floribert alikataa fedha kwa sababu zingewalisha watu sumu, na hizi zitawapa sabuni. Asiyetaka alisema: Floribert aliuliza kwanza fedha imefanya nini kabla ya kufika mkononi mwake. Wote wawili walikuwa wakimtaja mtu mmoja kwa upendo mmoja, na hatukuweza kuwapatanisha. Tulisali Rozari, tukalala bila kupatana.

Jumapili, baada ya Misa, paroko alituomba tuseme neno la shukrani. Tulikuwa tumekubaliana jambo moja tu, kwamba tusiseme uongo. Basi tukawashukuru, halafu tukawaeleza mlio wa jioni una maana gani kwetu, na kwa nini ndugu yetu alikaa chini ya mti. Hatukuwaambia wamefanya vibaya, kwa kuwa sisi wenyewe hatukuwa na hakika. Kanisa lilinyamaza. Mama mmoja alilia. Mzee wetu alitazama kofia yake mikononi kwa muda mrefu.

Tangu kesho yake mzinga wa gesi uliokuwa karibu na nyumba ulihamishiwa ng'ambo ya shamba. Jumamosi iliyofuata bunduki zililia tena kama kawaida. Kolza ilikuwa bado inaliwa. Mzee hakutualika, wala hakuficha kwamba anakwenda. Aliweka ndoo mlangoni mwa ghala, na mkewe alitia fedha ndani yake ingawa hakuwahi kupiga ndege maishani mwake. Tulimwona kwa dirisha. Hatujui alimtolea nani.

Bahasha tuliichukua. Wawili walitaka, mmoja akanyamaza, na kunyamaza kwake hatukuthubutu kukuita kukubali. Fedha zile zilinunua maturubai na sabuni, na tukawa tumezigawa Bulengo kabla ya Pasaka. Ndugu yetu wa Rutshuru alibeba maturubai kama sisi wengine.

Mama mmoja mzee, akikunja turubai lake, alituuliza nani ametoa. Tulimsimulia yote, msitu, ndoo, njiwa. Alisikiliza kwa makini, mkono kifuani. Alitaka kujua kama ndege wale wana nyama. Tulimwonyesha ukubwa wao kwa viganja viwili. Akauliza kama waliliwa wote. Tukamjibu kwamba tuliwala wanne katika nyumba ya mzee, kwa vitunguu, na kwamba wengine waliuzwa au kugawiwa. Kuhusu waliobaki msituni gizani, ambao mbwa hawakuwaona, hatukuwa na jibu. Mama yule aliguna, akaweka turubai kichwani, akatuuliza kama tungerudi kesho na misumari.